Tabo ya Scania na kombora la kilomita 1,600

Lori lilifika gereji ya Kizota, Dodoma, saa nne asubuhi likitokea Kahama, na mjomba hakuhitaji kufungua chochote. Alimsikiliza dereva akikanyaga mafuta mara mbili, akatazama moshi wa buluu uliokuwa ukitoka nyuma, akasema neno moja: "Tabo." Dereva akaapa kwamba tabo, yaani turbo inayoisukumia injini hewa, ni mpya, ameifunga miezi minne tu iliyopita. Mjomba akamuuliza aliinunua wapi. Dereva akanyamaza, mjomba naye akanyamaza, wakawa wameelewana.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Jumamosi huwa nakwenda pale kunywa chai na kukumbushwa kwamba mambo ninayoyaandika ubaoni yana oili na masizi yakifika mtaani. Kufika saa sita tabo ilikuwa imeshashushwa, imelazwa juu ya gunia, kubwa kama boga la wastani. Mjomba akashika ncha ya shafti kwa vidole viwili, akaitikisa juu chini. "Unaona inavyocheza?" Sikuona. Akanishika mkono, akaweka kidole changu pale. Ilikuwa inacheza kweli, kwa nafasi isiyozidi unene wa ukucha. "Kwa ukucha huo," akasema, "lori zima limeshindwa kupanda mlima Sekenke."

Utingo alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, simu mkononi, sauti juu kabisa. Ilikuwa video ya habari: meli ya kivita usiku, mwale wa moto unachomoka, msomaji anataja kombora la kruzi lenye uwezo wa kwenda kilomita 1,600. Kijana akaisimamisha video, akanigeukia.

"Mwalimu shikamoo. Hivi hiki kitu njiani kinajaza mafuta wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ni swali la mtu anayejua barabara. Kutoka Dodoma hadi Dar ni kilomita 450 hivi, na kila anayeishi kwa usukani anajua lita ngapi zinaishia humo. Kilomita 1,600 kwa mstari ulionyooka kutoka Kizota zinakupitisha Lusaka, zinakupitisha na Harare. Sasa chukua kombora lenyewe, hili la Kimarekani linaloitwa Tomahawk. Unene wake ni sentimita 52, yaani ni jembamba kuliko pipa la mafuta la lita 200. Urefu ni mita tano na nusu, ukiongeza roketi ya kulirushia unafika mita sita na robo. Humo ndani kuna kilipuzi cha kilo 450 hivi, kuna kompyuta, kuna mabawa yaliyokunjwa. Tanki liko wapi?

Fundi rangi akasema ile ni roketi, inatumia baruti. Mwingine akasema nyuklia. Mimi nikanyoosha kidole kwenye gunia. "Inatumia hiyo hapo."

"Mwalimu," mjomba akasema bila kuinua kichwa, "usinifukuzie wateja."

Nilikuwa nimetia chumvi, lakini kidogo tu. Makala hii ni deni la jibu nililolitoa pale nusu nusu huku watu wakinikatiza.

Tabo ya lori ina magurudumu mawili yaliyofungwa kwenye shafti moja. Moja linazungushwa na moshi wa ekzosi unaotoka kwenye injini. Kwa kuwa yamefungwa pamoja, la pili nalo linazunguka, linavuta hewa safi, linaibana na kuisukumia injini. Ndiyo maana lori lenye tabo nzima lina nguvu: linapewa pumzi nyingi kuliko ambayo lingevuta lenyewe. Sasa fanya hivi kichwani. Ondoa ile injini ya Scania yenye uzito unaokaribia tani moja, uiache tabo peke yake. Kati ya magurudumu mawili weka chumba kidogo, mwaga mafuta, washa moto. Hewa iliyobanwa inaingia, inapashwa, inatanuka, inatoka kwa kasi, na ikitoka inalizungusha gurudumu la nyuma ambalo linalizungusha la mbele. Kinachobaki cha ile kasi kinachomoka nyuma na kukusukuma mbele. Hiyo ni injini ya ndege, na wapo watu huko duniani wanaozitengeneza uani kwao kwa tabo za magari zilizotupwa.

Undugu huo ni wa kihistoria pia. Mwaka 1941 jeshi la Marekani lilipotaka kampuni ya kutengeneza injini ya jeti aliyoibuni Mwingereza Frank Whittle, liliwachagua General Electric kwa sababu tayari walikuwa mafundi wa tabo za ndege. Na neno lenyewe, ambalo gereji zetu zimelimeza mpaka limekuwa la Kiswahili, asili yake ni Kilatini, maana yake kimbunga, kitu kinachozunguka. Anayeishi Dodoma mwezi wa nane, akaona chamchela inakatiza uwanja na mifuko ya plastiki ndani yake, ameshaiona tabo kabla ya fundi yeyote kumwonyesha.

Turudi kwa swali la tanki. Roketi inabeba vitu viwili: mafuta, na oksijeni ya kuyachomea. Hicho cha pili ndicho mzigo. Kila kilo moja ya mafuta ya taa ikitaka kuungua yote inahitaji zaidi ya kilo tatu za oksijeni. Kwa hiyo roketi ni kama mama ntilie anayesafiri na jiko, mkaa, na hewa yake ndani ya magunia. Injini ya jeti inaacha magunia ya hewa nyumbani, hewa inaikuta njiani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Bell, kampuni ya Kimarekani iliyotengeneza mkoba wa roketi ambao mtu anauvaa mgongoni na kuruka. Uliruka kweli, kwa sekunde 21. Ukichelewa kutua umekwisha. Mwaka 1969 wakautoa ule mtambo wa roketi, wakafunga injini ndogo ya jeti iitwayo WR19, yenye uzito wa kilo thelathini na kitu. Mtu yule yule, mgongo ule ule, akawa anaweza kukaa hewani dakika kadhaa. Biashara ya mikoba ya kurukia haikwenda popote, na nadhani ni heri, maana bodaboda zinatutosha. Lakini ile injini ilikwenda mbali. Nitairudia.

Kuna jambo la pili ambalo kijana alikosea pamoja na sisi wote tunaoangalia zile video. Ule moto unaouona meli ikirusha ni roketi kweli, ila kazi yake ni ya sekunde chache: kulitoa kombora majini au melini na kulipa mwendo. Ikiisha inadondoka. Hapo mabawa yanafunguka, mdomo wa kuvutia hewa unachomoza tumboni, na injini inawashwa. Kuanzia hapo kombora ni ndege ndogo isiyo na rubani, inayokwenda kilomita 880 hivi kwa saa, karibu sawa na ndege ya abiria. Linabebwa na mabawa, kwa hiyo injini haiinui uzito wa zaidi ya tani moja. Inapambana na upinzani wa hewa tu. Ndiyo maana msukumo wa kilo 270 unatosha. (Wanafunzi wangu wanisamehe, najua ni nyutoni 2,700.)

Sasa ndiyo tufike kwenye kiini, mahali ambapo mjomba mwenyewe aliacha spana akasikiliza.

Kuna aina mbili za injini hizi. Ya kwanza ni tabojeti: hewa yote inayoingia inapita motoni na kutoka nyuma kwa kasi kubwa sana. Ya pili ni tabofani, na jina linajieleza: ni tabo yenye feni mbele. Sehemu ya hewa inapita motoni, sehemu nyingine inasukumwa tu na feni na kupita pembeni bila kuguswa na moto. Kwa nini upoteze nguvu kuzungusha feni? Waulize akina mama wanaowasha jiko la mkaa. Unaweza kupuliza kwa mdomo: hewa kidogo, kasi kubwa, na baada ya dakika mbili macho yanakuzunguka. Au unachukua pepeo na kupunga polepole: hewa nyingi, kasi ndogo, na unaweza kuendelea huku unapiga soga. Kusukuma hewa nyingi taratibu kunakula nguvu kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa fujo, ingawa msukumo unaoupata ni ule ule. Hesabu yake ni fupi: msukumo unakua sawasawa na kasi, nishati inakua kwa mraba wa kasi. Nikiiandika darasani wanainakili bila kunitazama. Siku moja nitakwenda na jiko.

Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa macho, tazama kombora jingine la Wamarekani, JASSM, linalorushwa kutoka kwenye ndege. La kwanza lilikuwa na tabojeti, na masafa yake ni kilomita 370 hivi. Kisha wakatengeneza lingine lenye umbo na vipimo vile vile vya nje, wakaweka tabofani na kuongeza nafasi ya mafuta ndani. Masafa yakapanda hadi kupita kilomita 900. Ukiyaweka mawili hayo sakafuni mtu wa kawaida hawezi kujua lipi ni lipi. Ukirushia hapa Dodoma, moja linapita Morogoro na kuishia karibu na Dar, jingine linafika Mombasa na kurudi zaidi ya nusu njia.

Basi mtu atauliza, kama feni ni nzuri hivyo, kwa nini kila mwenye kombora asiweke? Hapo ndipo ukucha wa mjomba unaporudi.

Injini kubwa ya ndege ya abiria ina feni yenye kipenyo cha mita moja na nusu, mbili, tatu. Injini ya kombora, nzima na kava yake na kila kitu, ina kipenyo cha sentimita thelathini. Watu hudhani kudogosha kitu ni kukirahisisha. Kwenye tabo ni kinyume. Ncha za mapanga zinatakiwa kupita kwa kasi ile ile, iwe injini ni kubwa au ndogo, kwa sababu kasi hiyo ndiyo inayobana hewa. Gurudumu la sentimita kumi likitaka ncha zake ziende mita 450 kwa sekunde, litazunguka zaidi ya mara 85,000 kwa dakika. Feni ya ndege ya abiria inazunguka mara elfu chache tu. Fikiria beringi inayobeba hiyo. Fikiria mzani wa hilo gurudumu: chembe ya uzito upande mmoja na shafti inaanza kupiga.

Halafu kuna nafasi kati ya ncha ya panga na kava. Lazima iwepo, la sivyo chuma kinakwangua chuma. Tuseme ni theluthi moja ya milimita. Kwenye panga la sentimita thelathini hiyo si kitu. Kwenye panga la sentimita moja ni zaidi ya asilimia tatu ya urefu wake, na hewa uliyoibana kwa taabu inarudi kupitia hapo hapo. Injini unaweza kuidogosha, lakini ule ufa hautaki kudogoka nao. Na joto: kwenye injini kubwa mapanga yanayokaa motoni yametobolewa vijitundu vya kupitisha hewa ya kuyapooza. Panga la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba utalitoboa wapi? Kwa hiyo huruhusiwi kuwasha moto mkali sana, na injini isiyo na moto mkali inakula mafuta. Kila upande unaogeukia, udogo unakudai.

Mjomba akaiangalia tabo yake juu ya gunia kwa namna nyingine kidogo. "Sasa wao waliwezaje?"

Walikuwa na Sam Williams. Huyu alikuwa mhandisi wa Chrysler, kwenye kikundi kilichotaka kuweka injini ya jeti ndani ya gari la kawaida. Mwaka 1955 akaanzisha kampuni yake huko Michigan, kwa imani kwamba injini ndogo ni kazi ya maana. Ile WR19 ya mkoba wa Bell ni yake. Kutoka humo ikazaliwa F107, tabofani yenye uzito wa kilo 65 hivi, ndiyo iliyofungwa kwenye Tomahawk na kwenye kombora jingine linalobebwa na ndege ya B-52. Ndani yake kuna shafti mbili, moja imepita katikati ya nyingine, zinazunguka kwa kupishana, moja kulia nyingine kushoto. Mafuta hayapuliziwi kwa nozeli kama tulivyozoea. Yanapitishwa kwenye shafti yenyewe inayozunguka, na mzunguko unayarusha pembeni yakawa ukungu, kama mbwa aliyetoka mtoni anavyojikung'uta. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilifunga kitabu, nikatoka nje nikazunguka nyumba. Ni wazo safi kiasi hicho. Williams alipewa Tuzo ya Collier kwa kazi ile, tuzo kubwa ya usafiri wa anga Marekani, na baadaye kampuni yake ikatengeneza injini za ndege ndogo za matajiri, zikiwemo za Cessna CitationJet.

Kuna msamaha mmoja ambao fundi wa kombora anapewa na fundi wa ndege ya abiria hapewi: injini yake haina haja ya kuishi. Ya abiria inadaiwa maelfu ya saa bila kushushwa. Hii ikienda kilomita zake zote 1,600 inafanya kazi chini ya saa mbili. Vumbi la Dodoma, linaloua tabo zetu kabla ya wakati, haliihusu. Ila inadaiwa kitu kingine ambacho Scania haijawahi kudaiwa: ikae ndani ya mrija uliofungwa miaka na miaka, bila kuguswa, halafu siku moja iwake ndani ya sekunde chache, mara moja, bila kukohoa. Haina betri ya kustatia. Kuna kikopo cha baruti kinacholipuliwa ndani yake, gesi inayazungusha magurudumu, moto unashika.

Na mafuta yenyewe? Kijana alitaka kujua kama ni dizeli. Ni ndugu wa mafuta ya taa, lakini mzito. Tomahawk inatumia yaitwayo JP-10, yaliyotengenezwa kiwandani kwa kusudi hilo. Lita moja ya mafuta ya taa ina uzito wa gramu 800 hivi. Lita moja ya haya inapita 900. Tanki linapimwa kwa lita lakini injini inaunguza kilo, kwa hiyo kwenye tanki lile lile umepakia safari ndefu zaidi. Kila dereva wa lori aliyewahi kufunga dumu la ziada chini ya tela anaelewa nia, ila hawa wamelificha dumu ndani ya mafuta.

Wanahitaji kila tone, kwa sababu injini za jeti zinapenda juu, kwenye hewa nyepesi, na kombora hili linapita chini, makumi tu ya mita kutoka ardhini, ili rada zisilione. Chini hewa ni nzito. Njia linaijua kwa kupima vimo vya ardhi linayopita na kulinganisha na ramani iliyomo ndani, siku hizi na setilaiti pia. Sitakaa sana hapo, ila niseme tu kwamba ule mtindo wa vimo unataka milima na mabonde. Mwaka 1991 jangwa tambarare la Iraki liliwasumbua wapangaji wa njia, na mbuga za Bahi zingewasumbua vile vile. Mtu anaweza kupotea Bahi hata akiwa na macho mawili.

Nimesifia sana. Sasa niseme la upande wa pili, ambalo pale gereji sikulisema.

Agosti 7, 1998 nilikuwa darasa la tano. Bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na lingine Nairobi karibu dakika zile zile, baba alihamisha redio kutoka chumbani akaiweka sebuleni na haikuzimwa siku tatu. Dar walikufa watu 11. Nairobi walipita 200. Agosti 20 redio ikasema Marekani imejibu kwa makombora, Afghanistan na Sudan. Baba aliinuka, akaenda kwenye kalenda yenye ramani ya Afrika, akaweka kidole gumba kwenye Bahari ya Shamu na kidole kidogo Khartoum. Hakusema kitu. Lililopigwa Khartoum lilikuwa kiwanda cha dawa, Al-Shifa, kilichotengeneza dawa za watu na za mifugo. Marekani ilisema kuna kemikali za silaha. Ushahidi wake ulipingwa vikali, na sijawahi kuona hoja iliyonitosha kwamba walikuwa sahihi.

Bomu la Dar lililetwa kwa lori. Jibu lake lilipita angani likisukumwa na tabo ya kilo 65. Nilivyokuwa mtoto nilidhani cha ajabu ni mlipuko. Sasa naona kilichomfanya baba apime ramani kwa vidole ni ule umbali: kwamba watu waliokaa melini, mamia ya kilomita, waliweza kulala usiku ule bila kusikia chochote. Umbali huo umetengenezwa. Ulisagwa kwenye mashine, sehemu ya milimita baada ya sehemu ya milimita, na mtu mwenye kipaji.

Na wanaojua injini ndiyo wanaoshika mlango. Mwaka 1987 nchi tajiri ziliwekeana utaratibu wa kubana biashara ya makombora yanayoweza kubeba kilo 500 kwa kilomita 300, na tabofani ndogo zimo kwenye orodha ya vitu vya kuchungwa. Bati la kombora utalikunja popote. Injini ndiyo kazi.

Hadithi ya Zaporizhzhia inaonyesha hili vizuri kuliko sheria yoyote. Wakati wa Umoja wa Kisovieti, kombora lao la kruzi Kh-55 lilipewa tabofani iliyotengenezwa katika mji huo wa Ukraine. Injini ile inakaa ndani ya tumbo na kushushwa nje kombora likishaachiwa, kama mtu anayeteremsha ngazi. Umoja ulipovunjika Ukraine ikabaki na kiwanda na mamia ya makombora. Mwaka 1999 ikawapa Warusi sehemu kubwa ya makombora hayo, pamoja na ndege za kuyabeba, kufidia deni la gesi. Kuanzia 2022 Urusi imeirushia Ukraine makombora ya ukoo huo huo. Yapo yaliyookotwa yakiwa na kichwa cha bandia, yametumwa tu kuchosha ulinzi wa anga.

Upande wa pili, mwaka 2025 Waukraine walionyesha kombora lao kubwa, Flamingo, na injini iliyo mgongoni mwake ni AI-25, ya miaka ya sitini, ile ya ndege za mafunzo za L-39. Waundaji wanadai linafika kilomita 3,000. Dai hilo nawaachia wenyewe. Kilichonivutia ni mantiki: injini ya zamani iliyobakiza saa chache, ambayo hakuna rubani mwenye akili angeruka nayo, kwa kombora ni mpya kabisa. Hii mafundi wa Kizota waliielewa kabla sijamaliza sentensi. "Mtumba," fundi rangi akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuna aliyembishia.

Upande wa bei rahisi kabisa hawana hata tabo. Ile droni ya Kiirani, Shahed-136, inasukumwa na injini ya pistoni ndogo, inalia kama bodaboda inayopanda kilima, na inakwenda chini ya kilomita 200 kwa saa. Inafika mbali, ila inachukua usiku kucha na kila mtu anaisikia ikija. Kijana alipoisikia kwenye video iliyofuata alicheka, halafu akaacha kucheka.

Saa kumi tabo nyingine ilikuwa imeshafungwa, ya mtumba nayo, lakini mjomba aliikagua mwenyewe kwa kidole. Alipokuwa akinawa mikono kwa mafuta ya taa akaniuliza: "Sasa ile ya kwao, servisi inafanyiwa wapi?"

"Haifanyiwi. Inakwenda mara moja."

Alisugua kucha zake moja moja kwa kitambaa. "Shafti mbili, moja ndani ya nyingine."

"Ndiyo, mjomba."

"Zinapishana."

"Zinapishana."

"Halafu zinakwenda kuvunjwa siku ile ile ya kwanza." Akatupa kitambaa kwenye ndoo.

Utingo aliliomba lile gurudumu la aluminiamu lililochakaa mapanga. Mjomba akampa. Kijana akalifunga kwa waya juu ya dashibodi, na lori lilipokuwa likitoka getini kuishika njia ya Morogoro, nililiona kupitia kioo likizunguka polepole kila tairi lilipoingia shimoni.